Atapona lini? Jinsi ya kujipanga na usonji kwa hesabu ya miaka

Kibanda changu cha baiskeli kiko Ngamiani, hapa Tanga, na wateja wangu wamezoea kuniuliza swali moja. Wanamwona kijana wangu amekaa kwenye kigoda chake karibu na ukuta, mbele yake makopo manne, anachambua goroli kwa ukubwa. Yeye hawatazami machoni. Wakimsemesha, pengine atarudia neno lao la mwisho. Basi mteja ananisogelea, anashusha sauti: "Mzee, huyu atapona lini?"

Ana miaka 24 sasa. Miaka minne ya mwanzo nami nilikuwa naliuliza swali hilohilo, na kwa ajili yake nilifanya mambo ambayo sitaki wewe uyarudie. Mwanangu haumwi usonji kama mtu anavyoumwa malaria. Alizaliwa na ubongo unaoipokea dunia kwa namna yake. Alikuwa hivyo akiwa mchanga, yuko hivyo leo, na atakuwa hivyo akiota mvi. Lakini kukua anakua. Shika yote mawili pamoja: hali haiondoki, na mtu anakua. Mzazi anayeshika la kwanza tu hukata tamaa akamficha mtoto ndani. Anayeshika la pili tu humaliza akiba yake akitafuta dawa.

Anza kwa kukijua kitu chenyewe

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Huanza kabla ya mtoto kuzaliwa, ila dalili nyingi huja kuonekana kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Urithi wa damu una sehemu kubwa, na jeni zinazohusika ni nyingi, kwa hiyo usimtafute wa kumlaumu katika ukoo wako wala wa mkeo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Fikiria shule ya msingi ya mtaani kwako yenye watoto elfu moja, kisha gawanya. Kuna mwenye usonji asiyesema neno maisha yake yote, na kuna anayesema vizuri, akamaliza chuo, akaajiriwa, lakini kelele za ofisini zinamchosha kuliko kazi yenyewe. Wote ni usonji. Wasichana hupitwa zaidi bila kutambuliwa, kwa kuwa wengi wao hujifunza kuiga wenzao.

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake zilinifungua macho. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 aliowaona, na wa kwanza kati yao alikuwa Donald Triplett, mtoto wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wamweke kwenye taasisi mbali na nyumbani, wakamweka, kisha wakaenda kumchukua. Akasoma. Akafanya kazi benki hapohapo kwao, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, na usonji wake alikuwa nao mpaka siku hiyo. Familia yake ilikuwa na uwezo, hilo nalikubali. Benki ile ilianzishwa na ukoo wa mama yake. Ila jambo moja katika maisha yake halihitaji benki: watu wa mji wake walimjua, wakamzoea alivyo. Hilo hata Ngamiani tunaliweza, na nimeliona likifanyika.

Baada ya Kanner, kwa miaka mingi madaktari waliwatupia lawama akina mama, kwamba ni wakavu wa mapenzi ndiyo maana watoto wamejifungia. Fikra hiyo ilikwisha kutupwa. Mke wangu aliyasikia maneno ya aina hiyo kutoka kwa ndugu zangu mwenyewe, nami nikanyamaza. Usinyamaze. Msemee mwenzako siku hiyohiyo, mbele ya waliosema.

Na chanjo haileti usonji. Ule utafiti wa watoto 12 ulioihusisha chanjo ya surua na usonji, uliochapishwa Uingereza mwaka 1998, ulifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na daktari aliyeuongoza akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Sisi binti yetu, mtoto wetu wa pili, tulimchelewesha chanjo hiyo kwa uvumi huo. Tulimweka hatarini bure.

Unachokiona, kiandike

Mwanangu alipokuwa na mwaka na nusu, alikuwa anakuja kibandani, analala ubavu chini ya baiskeli niliyoigeuza, anazungusha gurudumu na kulitazama kwa pembe ya jicho. Saa nzima. Nilifurahi, nikaona nimepata mrithi wa kazi. Nikimwita kwa jina hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikisikika chumba cha pili, huyo anakuja. Alikuwa na maneno matatu, mama, maji na "tai" kwa maana ya tairi, na kabla ya kutimiza miaka miwili yote yakapotea. Akitaka maji alinishika kiganja na kukisukuma kwenye mtungi, kama vile mkono wangu ni kata.

Kila mtoto ana vyake, lakini tazama haya: mwaka umetimia na hageuki ukimwita; mwaka na nusu umefika na haonyeshi kitu kwa kidole ili na wewe ukione; maneno aliyokuwa nayo yanapotea; anapanga vitu mstari na kuumia ukivigusa; anatembea kwa ncha za vidole au kupepea mikono; sauti, nguo au chakula fulani kinamtia uchungu usioelezeka. Dalili moja haitoshi. Zikijikusanya, nunua daftari la kurasa mia, andika tarehe na ulichokiona, na umrekodi kwa simu akiwa nyumbani, kwa sababu hospitalini anaweza asiyafanye.

Nenda na daftari hilo na kadi yake ya kliniki, useme wazi: "Naomba mtoto wangu apimwe ukuaji." Omba masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa. Usitarajie kipimo cha damu wala picha ya kichwa itakayoonyesha usonji, kwani hakuna. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kukuuliza maswali mengi. Kama amewahi kupata degedege au kukodoa macho ghafla bila kusikia, liseme hilo mapema, kwa kuwa kifafa huwapata wenye usonji zaidi ya watu wengine, na kifafa kina dawa. Mimi niliambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema, nirudi nyumbani. Nikarudi nyumbani kweli, na miaka ikapita. Jibu nililipata Dar es Salaam mtoto ana miaka sita. Ukiambiwa usubiri, omba tarehe ya kurudi, na iandikwe kwenye kadi. Wakati unangoja, tafuta mtu wa tiba ya kuzungumza au tiba kwa vitendo, ile ya kumzoeza shughuli za kila siku. Msaada hauhitaji kungoja jina la hali.

Ile miaka minne katikati pesa yangu ilikwenda kwenye kombe, mafusho, mizizi ya kuchemsha, na chupa fulani iliyoletwa na basi kwa bei ya baiskeli mbili. Dua tunaomba mpaka leo na tutaendelea. Ninayekuonya juu yake ni yule anayekutajia tarehe ya kupona. Muulize kitu gani hasa kitabadilika, na utakitambuaje. Wengine huuza hata maji ya kung'arishia nguo yaliyobadilishwa jina ili mtoto anywe. Hayo yanaunguza utumbo. Daktari anaweza kuandika dawa ya kifafa, ya usingizi, au ya ghadhabu inayomfanya mtoto ajiumize, na zina kazi yake. Hakuna hata moja inayouondoa usonji wenyewe.

Jifunze lugha yake kabla hujamfundisha yako

Kiswahili chetu ni kigumu kwa mtoto anayeshika neno kama lilivyo. Mteja anaacha baiskeli na kusema "nakuja sasa hivi", kisha anarudi alasiri. Kwetu hilo ni la kawaida. Mwanangu alisimama mlangoni kwa muda wa saa tatu akimngojea mtu huyo, na aliporudi alikuwa ameshaanza kujipiga kichwa. Tangu siku hiyo neno "sasa hivi" tumelifuta nyumbani. Tunasema "baada ya chai", "baada ya adhana ya alasiri", kitu anachoweza kukiona au kukisikia kikifika. "Tutaona" nalo usilitumie.

Halafu kuna hili la nafsi. Ukimwuliza "hujambo?" alikuwa anajibu "hujambo". Akitaka maji husema "unataka maji?", kwa sababu ndivyo alivyosikia kila mara kabla ya kupewa. Watu walimcheka. Yeye alikuwa na akili ya kutosha kukumbuka sentensi nzima. Sisi ndio tuliompa sentensi ya mtu mwingine. Basi geuza kazi: shika kikombe, sema "nataka maji" kwa niaba yake, mpe. Fanya hivyo kila siku, usimlazimishe kurudia. Ilituchukua karibu mwaka mzima, na siku aliposema "nataka" mke wangu alikaa chini jikoni akalia.

Kama hasemi kabisa, mpe njia nyingine bila kuogopa kwamba itamzuia kusema. Haizuii. Mimi nilipigilia misumari mitano kwenye ubao. Kila asubuhi tunatundika vitu vya siku kwa mpangilio: kijiko cha chai, ndara ya kutoka, spana ya kibandani, kipande cha sabuni cha kuoga, leso ya kulala. Kinachokwisha kinatolewa, kinatiwa kwenye kopo. Picha za kuchora hakuzielewa mwanzoni, vitu vyenyewe alivielewa siku ya pili.

Ubao huo ulituokoa Ramadhani. Mwaka wa kwanza chakula cha mchana kilipotoweka na nyumba kuwa macho usiku, alilia siku tatu. Sasa wiki moja kabla mke wangu huanza kusogeza kijiko msumari mmoja mmoja, na siku ya mwezi kuandama kijana ameshaona mabadiliko yakija.

Milango yake ya fahamu nayo ichunguze mmoja mmoja. Jirani yangu ana mashine ya kuchomelea, na chuma kikisagwa mwanangu anahisi kama anachomwa yeye. Tulikubaliana na jirani: kabla ya kuwasha anagonga bati mara mbili, kijana anavaa vile vizibo vikubwa vya masikio. Sokoni tunakwenda asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Lebo za shingoni kwenye nguo tunazikata. Wali anakula, ila usiloane mchuzi; mchuzi unakaa bakuli lake.

Siku nyingine yote hayo hayatoshi, naye anazidiwa. Tofautisha kuzidiwa na kudeka. Anayedeka hukutupia jicho kuona kama unamtazama, na akipewa alichotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hana habari na wewe. Hata ukimpa soko zima hasikii. Ukimchapa unaongeza maumivu juu ya maumivu. Nilimchapa mwanangu mara mbili katika umri wake, na mara zote mbili nilikuwa nimekosea. Punguza maneno, punguza watu, mtoe kwenye jua na kelele, ondoa vitu vinavyoweza kumkata, kaa karibu bila kumshika isipokuwa anajiumiza. Ngoja. Ikiisha usimhoji. Andika daftarini kilichotangulia, nusu saa nzima kabla, kwa kuwa chanzo mara nyingi kiko huko. Na kumbuka meno, masikio na tumbo: asiyeweza kusema "jino linauma" atalisema kwa kupiga ukuta.

Kila umri una kazi yake

Hapa ndipo maana ya "maisha yote" inapogusa ardhi. Ukishazoea mtoto wa miaka mitano, anakuwa wa kumi, na ulichojifunza nusu yake hakifai tena.

Alipokuwa na miaka minane alitoka nyumbani tukiwa tunaswali. Tulimtafuta Barabara ya 12, tukamtafuta sokoni, na mvuvi mmoja ndiye aliyemkuta baharini Raskazone, maji yamemfika kifuani, anacheka. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji wala hawaioni hatari. Weka komeo juu ya mlango asipoifikia. Wape picha yake madereva wa bajaji wa kijiweni, mjumbe, na muuza maji. Mvishe kitu chenye namba yako ya simu. Akipotea, anza kumtafuta kwenye maji, kisima, mtaro, bahari, kabla ya pengine popote. Na umfundishe kuogelea. Mwanangu anaogelea vizuri sasa, na baharini ndiko nimwonako ametulia kuliko mahali pote.

Shule ya kwanza ilimkataa wiki ya pili. Ya pili, ya serikali, yenye kitengo cha mahitaji maalumu, ilimpokea, na mwalimu wake alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya elimu, kwa hiyo ukikataliwa nenda kwa afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na uende na barua ya hospitali.

Balehe ndiyo iliyotukuta hatujajiandaa, na watu hawaisemi kwa aibu. Nitaisema. Anza akiwa na miaka tisa au kumi, kabla mwili haujabadilika. Mfundishe majina halisi ya viungo. Mfundishe kwamba kujigusa ni chumbani kwake, mlango umefungwa, na kanuni iwe ileile kwa kila mtu nyumbani. Mfundishe kusalimia kwa mkono, asikumbatie watu, kwa sababu kinachochekesha kwa mtoto wa miaka sita kitamletea kesi akiwa na ndevu. Mfundishe kusema "sitaki" na umheshimu anaposema, hata kwa chakula. Mtoto aliyezoezwa kutii kila mtu mzima ni rahisi kudhuriwa. Binti afundishwe hedhi kwa kitambaa chenyewe mkononi, miezi mingi kabla. Na kijana akishakuwa mrefu, mpeleke serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha jirani mkiwa mmevaa vizuri, mkajitambulishe. Askari aliyemwona mara moja kwa utulivu hatamfikiria mlevi siku atakapomkuta anapepea mikono barabarani.

Kazi ilianza kwa goroli. Sikumfundisha, nilimkuta anazipanga. Baadaye akaosha cheni kwa mafuta ya taa, kisha akaanza kunyoosha ringi: anazungusha gurudumu lilelile la utotoni, analitazama kwa pembe ya jicho, anaona linapoyumba, anakaza spoku hii, analegeza ile. Ringi yake haiyumbi. Lakini barabara hawezi kuvuka peke yake, na pesa akipewa elfu kumi au mia tano kwake ni karatasi na chuma. Nayasema yote mawili kwa kuwa watu hupenda kusikia kipaji tu. Si kila mwenye usonji ana kipaji, wala hahitaji kuwa nacho ndipo apewe kiti chake. Kila Jumamosi namlipa, mkononi mwake, mbele ya wateja.

Siku ambayo sisi hatupo

Mimi nina miaka 58, mke wangu ana presha. Mzazi wa mtoto mwenye usonji asiandae mazishi tu, aandae asubuhi inayofuata. Tulifanya mambo matatu. Kijana amepata kitambulisho cha taifa, na hati zake za hospitali ziko pamoja kwenye bahasha moja. Fungu lake la mirathi ni kama la mtoto mwingine yeyote, usonji hauliondoi, ila tumeandika mbele ya mashahidi nani atalitunza na nani atamkagua anayelitunza. La tatu tulimwita binti yetu, ambaye sasa ana miaka 20, tukamwuliza kama atakubali, na tukamwambia anaruhusiwa kukataa. Aliomba muda. Alirudi baada ya mwezi na kusema atakubali kama mjomba wake atachukua wiki moja kila mwezi, ili naye aolewe na afanye kazi. Mjomba alikubali. Kijana ameshaanza kulala kwa mjomba wiki hizo, tukiwa bado hai, ubao wa misumari ukienda naye.

Daftari ni la saba sasa. Ukurasa wa mwisho haukuandikwa na mimi, mwandiko ni wa binti: "Chai kwenye kikombe cha bati. Jumamosi alipwe hata kama hakuna wateja. Akigusa shavu la kushoto, ni jino. Usimwambie sasa hivi."